Mkaguzi wa Moto na Fagio za Newala

Alikuwa mkaguzi wa moto, na sisi tulimwita Mkaguzi, kwa hiyo jina lake lingine lina watu wake wa kulitunza. Mjukuu wangu, usiniulize alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani. Alipanga chumba changu cha mbele hapa Newala miaka mingi, akala ugali wangu, akanilalamikia chumvi, na hayo ndiyo niyajuayo. Mtu hukaa na jirani miaka yote hiyo pasipo kumjua babu yake, na ugomvi wao ukawa kamili bila upungufu wowote.

Kazi yake ilikuwa kwenda mahali palipoungua, baada ya moto kuzimika na watu kumaliza kulia, akatafuta moto ule ulianzia wapi. Alitumwa na watu wa bima. Hakuwa mzimaji wa moto, na jambo hilo lilitutatiza sana mwanzoni. Mama Tatu, jirani yangu, mjane mwenye ulimi mrefu, alimuuliza siku ya kwanza: “Yaani serikali imekuajiri uje nyumba zikishaungua?” Akajibu bila kukasirika: “Ndiyo, mama. Kabla ya hapo sina kazi.” Mama Tatu akanigeukia, akasema kwamba kazi ya namna hiyo hata yeye angeiweza.

Alikuwa mrefu, mwenye shati jeupe lililopigwa pasi kila siku, na hakuna aliyejua kwa nini mtu anayefanya kazi kwenye masizi achague nyeupe. Alipoulizwa alisema kwamba nguo nyeusi huficha, naye hakuja kufichiwa kitu na nguo zake mwenyewe. Alitembea mikono imefungwa mgongoni. Alipofika penye magofu hakuangalia paa wala kuta. Aliuliza: “Mlango ulikuwa wapi?” Huo ndio ulikuwa wimbo wake. Mtu angemweleza moto ulivyonguruma, alivyookoa Kurani au Biblia, watoto walivyotolewa dirishani. Mkaguzi angesikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha: “Na mlango?” Ukimwambia ni uchawi, hakubisha hata kidogo. Aliuliza mchawi aliingilia mlango upi, na kama ulikuwa umefungwa, na ufunguo ulikuwa kwa nani.

Inakupasa uelewe jinsi mioto ilivyokuwa. Zamani, wakati ushirika peke yake ulinunua korosho zetu, nyumba ziliungua kwa sababu za kimaskini: jiko, kibatari, radi, mtoto aliyecheza na kijinga. Kisha biashara ikaachiwa huru. Wakaja wanunuzi na magari yao, kila mmoja na mizani yake na ahadi zake, wakapanga nyumba zetu wakazigeuza maghala, wakaanza kukata bima. Tangu hapo tukaona mioto ya kitajiri, ambayo haitaki jiko wala kibatari. Duka la Kitangari liliungua likiwa halina hata gunzi la mahindi ndani yake, na mwenye duka akamwambia Mkaguzi kwamba chanzo ni shoti ya umeme.

“Umeme gani?” Mkaguzi akauliza. Kitangari yote wakati huo ilikuwa gizani.

“Ulikuwa njiani unakuja, mzee. Nguzo tumeziona Newala kwa macho yetu.”

Mkaguzi alituhadithia jambo hilo wakati wa kula, uso wake mkavu kabisa, akaongeza kwamba huo ndio umeme wenye bidii kuliko wote aliowahi kuukagua, maana ulifika kabla ya waya.

Ninasema hivi usije ukadhani alikuwa mtu wa kuogopesha tu. Alikuwa na vituko. Alituhutubia kila siku juu ya mkaa usiozimwa na kibatari kinachoachwa karibu na chandarua, naye mwenyewe alivuta sigara akiwa amelala. Siku moja, adhuhuri, niliona moshi ukitoka chumba cha mbele. Nikaingia, nikamkuta amesimama pembeni ya godoro langu linalofuka, mikono mgongoni, analitazama kama la mtu mwingine. Nililimwagia mchanga mwenyewe. Nilipomaliza akaniuliza, kwa sauti ile ile ya kazini:

“Mama Zainabu, moto ulipoanza mpangaji alikuwa wapi?”

“Alikuwa amelala juu yake.”

“Kwa maoni yangu,” akasema baada ya kufikiri, “chanzo ni uzembe wa mpangaji.”

“Na mpangaji huyo nimfanye nini?”

“Ungekuwa na haki ya kumfukuza.” Kisha akaenda kununua godoro jingine, na tangu jioni ile akavutia sigara uani, kwa wiki nzima. Wiki ya pili alirudi kitandani.

Lakini ugomvi wake mkubwa, uliodumu tangu siku ya kwanza mpaka alipohama, ulikuwa na fagio zetu.

Sisi huku, nyumba ya mtu ikiungua, wanawake hawamwachi akae anatazama magofu yake. Mabati yakishapoa, tunakwenda na fagio na vikapu, kama tunavyokwenda kwenye msiba. Tunazoa majivu, tunakusanya misumari, tunafagia sakafu mpaka mistari ya ufagio inaonekana. Majivu hatuyatupi. Kila mwanamke huondoka na fungu lake, akaenda kuhifadhia mbegu za kunde na mbaazi zisibunguliwe na wadudu. Kuzima moto kwa maji hakujawahi kuwa desturi yetu. Maji tunayafuata bondeni, chini ya mteremko, na mtu aliyepanda mlima na ndoo kichwani hawezi kuja kuimwaga juu ya bati la mwenzake. Nyumba ikishika moto, kitu cha kwanza kutolewa nje ni mtungi, ukiwa umejaa, na unawekwa mbali, kivulini. Lakini kufagia tunafagia.

Basi Mkaguzi alipokuja mara ya kwanza, kwa ajili ya duka la sokoni, alisafiri siku nzima akafika akakuta kiwanja kisafi kama cha harusi. Aliuliza, “Nani amefanya hivi?” Tukajitokeza, tukifikiri anatoa shukrani. Mama Tatu akasema: “Ni sisi, baba. Karibu.” Alikaa juu ya jiwe, akashika kichwa.

Baadaye akaitisha mkutano. Akatueleza kwa upole kwamba majivu ni maneno ya moto, na kwamba tukiyazoa tunamziba moto mdomo. Akatuomba, nyumba ikiungua tena, tusiguse kitu mpaka yeye afike. Tukaitikia sote: “Ndiyo, baba.” Nyumba iliyofuata kuungua tuliifagia mapema zaidi, maana sasa tulijua kuna mgeni atakuja, na ni aibu mgeni akute uchafu.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alinunua chekeche. Akaanza kuyafuata majivu kule yalikokwenda, jiko kwa jiko, akiomba kuchekecha vyungu vya mbegu. Wanawake walimcheka sana, wakasema serikali imemtuma kuhesabu kunde. Naye hakujali. Humo ndani ya kunde alipata misumari, bawaba, vipande vya kufuli. Alivipanga juu ya meza yangu ya kulia kama mtu anayepanga dawa, na niliposema meza ni ya chakula alinijibu kwamba vyuma hivyo ndivyo vinavyomlisha. Nilimwambia aondoe. Aliondoa.

Sasa nitasema juu ya ghala, kwa sababu ndipo nilipomjua, na ndipo nilipoacha kusema naye.

Mdogo wangu, yule babu yako wa Kitangari, alipata kazi ya ulinzi wa mchana katika ghala la mnunuzi mmoja, kijana wa miwani ya jua, kando ya barabara ya kwenda Masasi. Mdogo wangu alijivunia kazi ile kuliko mke wake. Alivaa koti la kijani hata kwenye jua la saa saba, akasimama mlangoni akiwaita wapita njia “raia.” Funguo hakupewa, zilikaa kwa mnunuzi, lakini fimbo alipewa. Magari yalikuwa yakiingia na kutoka, na hakuna aliyeuliza yanapakua au yanapakia. Hiyo ndiyo ilikuwa biashara huria.

Siku yenyewe mke wake alikuwa mgonjwa na mtungi mkavu. Adhuhuri, watu wakienda kuswali, alikuja kwangu na baiskeli, akaomba madumu. Nilimfungia madumu mawili nyuma kwa mpira, kwa mikono hii. Akashuka bondeni. Aliporudi na maji tuliona wote wawili moshi mweusi upande wa barabara, naye akajua ni wapi. Nikayapokea madumu, nikamwambia kimbia. Akakimbia. Watu waliokuwa kwenye moto walimwona akitokea vichochoroni mikono mitupu, anahema, macho mekundu kwa vumbi la mlima. Ulikuwa msimu wa uraka, ile pombe ya mabibo, na mtu yeyote mwenye macho mekundu katika msimu ule alikuwa amekwisha hukumiwa.

Mnunuzi alilia barabarani vizuri mno, mpaka akaletewa kigoda. Akawaambia polisi kwamba mlinzi alilewa akatupa sigara, na mali yake yote, ghala zima la korosho, imeteketea. Mdogo wangu akachukuliwa akawekwa mahabusu. Mabati yalipopoa, sisi tulikwenda na fagio. Mimi pia nilikwenda. Mnunuzi alikuwa mtu mzima aliyepata hasara, na desturi haiulizi mwenye hasara amemtia nani ndani.

Mkaguzi alikuwa Lupaso kwa shughuli nyingine. Alipofika akasimama mbele ya sakafu ile nyeupe, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu mbele ya ufagio.

“Waliofagia hapa waje,” akasema. Tukaja. “Nyoosheni mikono.”

“Mkaguzi,” akasema Mama Tatu, “kama unataka kuposa, lete wazee wako. Mikono hainyooshwi barabarani.”

Watu wakacheka. Yeye akashika mkono wa Mama Tatu, akaugeuza kiganja juu, akautazama, kisha wangu, kisha ya wengine wote.

“Majivu mliyazoa kwa mikono hii?”

“Tuna mingine?”

“Na mmebabuka wapi?”

Tukavitazama viganja vyetu. Hakuna mwanamke wa huku ambaye hajabangua korosho. Ganda lake lina mafuta yanayochubua ngozi kama maji ya moto, na likipata moto hutema na kutiririka. Ghala zima la korosho likiungua, lami ingeshuka mpaka barabarani, na sisi tungerudi nyumbani mikono imetoka malengelenge.

“Na watoto?” Mkaguzi akaendelea. “Nani mwanawe alikuja na midomo myeusi kwa kula korosho za kuungua?”

“Wangu walirudi wamenuna,” akasema mwanamke mmoja nyuma, taratibu. “Walisema hakuna hata moja.”

“Hakukuwa na hata moja,” akasema Mkaguzi. “Yameungua magunia matupu na majani makavu ya mikorosho.”

Tulikuwa tumeyabeba majivu yale kwa mikono yetu, mikono ikabaki mizima, na hakuna aliyejiuliza. Tulikwenda kutoa pole, hatukwenda kutazama.

Nikafurahi, nikapika kuku. Furaha yangu haikulala. Mnunuzi aliposikia, alifuta machozi, akabadilisha maneno: kama korosho hazikuwemo, basi mlinzi ndiye aliyezitoa akaziuza, kisha akachoma ghala kuficha wizi. Kwa hiyo ukweli wa Mkaguzi ulimtoa mdogo wangu kwenye uzembe ukampandisha kwenye wizi. Sasa swali likawa moja tu: adhuhuri ile, mlinzi alikuwa wapi?

Nilimfuata chumba cha mbele. Nikakaa kwenye kiti, jambo nisilolifanya chumbani kwa mpangaji.

“Alikwenda maji,” nikamwambia. “Nimemfungia madumu mimi mwenyewe, na maji nimeyapokea mimi.”

“Nani mwingine aliona?”

“Mungu.”

“Na mwingine?”

“Mkewe amelala homa, haoni hata mlango. Mkaguzi, wewe sema mahakamani korosho hazikuwemo na funguo hakuwa nazo. Hilo la kuwa hakuwepo mlangoni usilitaje.”

“Lakini hakuwepo, Mama Zainabu.”

“Nimekuambia alikokwenda.”

Alinitazama kama alivyokuwa akiutazama waya uliokatika, akitafuta umekatwa au umeungua. Kesho yake nikasikia ameonekana akishuka bondeni kwenye maji, na shati lake jeupe.

Mahakamani alisimama mikono mgongoni. Alieleza habari za mikono yetu, na hakimu akaangalia yake. Akatoa kufuli la ghala, lililopatikana katika kunde za Mama Tatu, likiwa limefungwa na halijavunjwa, akauliza mwenye funguo ni nani. Mnunuzi akavua miwani. Ndipo hakimu akauliza: “Na mlinzi?”

“Hakuwepo kwenye lindo lake,” akasema Mkaguzi. Nikafumba macho. “Aliacha lindo, mheshimiwa, akashuka bondeni kufuata maji. Nimehakikisha.”

Hakimu alikuwa mtu wa kuja, lakini mke wake alikuwa akipanga foleni ya maji na sisi. Akauliza: “Foleni ilikuwa ndefu?”

“Ndefu, mheshimiwa.”

“Huwa ndefu,” akasema hakimu, na watu wakacheka, na mdogo wangu akaachiwa.

Ungetarajia nimshukuru. Sikumshukuru. Mnunuzi, aliposhtakiwa yeye, aliondoka kwa dhamana, na msimu uliofuata tukasikia ananunua korosho kwingine kwa jina jipya la kampuni. Mdogo wangu alivuliwa koti. Kila alikoomba kazi aliambiwa: wewe si yule mlinzi aliyekwenda maji? Watoto walimwita Dumu. Akarudi Kitangari kulima, na mpaka anakufa hakupita tena barabara ile ya ghala. Mimi niliona kwamba Mkaguzi angeweza kutuachia neno moja, naye hakutuachia. Nikaendelea kumpikia, maana nilikuwa nimekubali kumpikia, lakini maneno nilimnyima. Chumvi hakuilalamikia tena. Ofisi yake ilipopunguza watu, alifunga mizigo yake akahamia Masasi, na nilimfungulia mlango bila kumwambia kwaheri.

Habari zake zikawa zinanifikia kama kichekesho. Eti amekuwa mfanyabiashara. Eti anauza ndoo nyekundu zilizojaa mchanga, za kuzimia moto, kwa watu ambao hata wakifumba macho wanakanyaga mchanga. Nikasema hewala, hata yeye amefunguliwa soko.

Miaka ikapita. Nilikwenda Masasi kwenye harusi ya binti wa ndugu yangu, na nikiwa natafuta kivuli nikaziona ndoo, zimepangwa kwenye baraza, wekundu wake umepauka na jua. Nyuma ya ndoo alikaa mzee amejifunika shuka, shati jeupe chini yake. Macho yake yalikuwa na utando.

“Habari za siku nyingi, Mkaguzi.”

Aliinua kichwa. Sauti aliijua. “Mama Zainabu! Nilidhani umeapa.”

“Niliapa. Nimechoka kusimama juani.”

Akanisogezea kigoda kwa kupapasa. Tukaulizana wazima na waliokufa. Nilipomtaja mdogo wangu, vidole vyake vilianza kutafuta sigara ambayo daktari alikuwa amemkataza.

“Nina neno nimeliweka,” akasema. “Sikulisema kwako kwa sababu hukuwa unasema na mimi. Siku ile kabla ya mahakama nilishuka bondeni. Nikawauliza wanawake wote niliowakuta kwenye maji, mmoja mmoja. Hakuna aliyekumbuka kumwona mdogo wako.”

“Wanaume wenye baiskeli ni wengi kule,” nikasema.

“Ngoja nimalize. Nikajua alikuwa kwenye uraka, kama watu walivyosema, na wewe unamlinda nduguyo. Ni haki yako. Lakini nilifikiri juu ya mke wake mgonjwa, na wewe ulivyokaa kwenye kiti kile. Nikasimama mbele ya hakimu nikasema nimehakikisha.” Aliinama karibu, akashusha sauti, ingawa barazani hapakuwa na mtu. “Kazi yangu yote sijapata kusema neno nisilolihakikisha. Ni lile tu. Nimesema uongo mmoja maishani, Mama Zainabu, na niliusema kwa ajili yenu. Kila nikiwakumbuka niliowakagua wakafungwa, namkumbuka na huyo.”

Uso wake ulikuwa umenyooka kuelekea kwangu, unangoja. Ukweli ulikuwa mdomoni mwangu, maji ya madumu mawili. Niliyamimina mwenyewe mtungini siku ile, nikayachuja kwa kitambaa kwa kuwa yalikuwa na mchanga, na nusu yake nikampelekea mgonjwa. Hakuna aliyekuwa na haki ya kuyajua kuliko mtu yule, aliyeishi kwa kutafuta jinsi mambo yalivyokuwa.

Lakini uongo ule ndio zawadi aliyokuwa ametupa, nikayameza. “Asante, Mkaguzi,” nikamwambia. “Na Mungu akusamehe uongo huo.”

“Amina,” akasema, akajiegemeza ukutani, akafumba macho, ameridhika.